Opereshoni Isiyopewa Pole

Siku ya kuniaga mulinipa kikwembe kipya, Fanta na maneno mengi. Dokta mukubwa alisema nimekuwa nguzo ya pavillon ya lopitali. Nguzo haiumwi mugongo. Hotuba zote nilizisikiliza nimesimama, na ninyi munayajua magoti yangu, hakuna aliyenisogezea kiti. Lakini kwa kikwembe nasema asante. Nimekishonesha, na nikipita nacho mutaani Murara watu wanageuka.

Halafu Bahati akanifuata nyumbani. Kwa wasiomujua, Bahati ndiye anayeshika sasa ndoo na brosi zangu kwenye pavillon ya wanawake waliopasuliwa. Aliniambia: "Mama Pavillon, utuandikie kidogo mambo ya bale banaokuja kupunguza maziwa ya kifua. Sisi hatubajui. Banakuja, tunabacheka, hatujui tubafanyie nini." Nilipenda kwamba alikubali kuwa munawacheka. Basi naandika. Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa primaire, anayetaka Kiswahili cha radio afungue radio. Ya mushahara sitayagusa, munayajua, yatanipandisha tansio ya damu bure.

Niliingia kazi hii nikiwa na watoto wawili, wa tatu angali mugongoni. Tulikuwa tumeshuka kutoka Butembo. Bwana yangu alikuwa akisafiri juu ya malori ya mizigo, mimi nikasikia lopitali inatafuta mama wa kupangusa. Walinipa bluzi ya kazi. Vifungo vya chini vilifunga, vya kifuani vikakataa. Nikaingia pavillon nimeishika bluzi kwa mukono moja na ndoo kwa mukono wa pili, na mutu wa kwanza kuniona alikuwa Mama Antonia.

Mama Antonia ndiye aliyekuwa mukubwa wa sisi wapangusaji. Alikuwa mufupi, mukavu kama kuni, na pavillon nzima ilimuogopa, pamoja na madokta. Aliniangalia kifua, hakuniangalia uso.

"Wee mama, hii muzigo yote ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Utainama je juu ya kitanda nayo? Utaziba mugonjwa pua, kiisha tutasema opereshoni njo imemuua."

Wanawake wa kufua mashuka walicheka mpaka moja wao akaketi chini. Mimi nilitaka kulia. Mama Antonia aliwaacha wacheke, akaniingiza nyuma ya kabati, akapasua shuka kuukuu kipande kirefu. Akanifunga: kinapita chini ya maziwa, kinapishana mugongoni, kinapanda mabegani, kinarudi mbele, fundo linakaa pembeni ili lisichome. "Kila asubuhi ufunge hivi mbele ya chai," alisema. "Ukifunga nyuma ya chai tumbo limejaa, kitakukaba." Miaka yote ya kazi nilifunga kitambaa kile. Sutie ya kifua ya saizi yangu sikuipata hata kwenye mitumba ya mutaa wa Birere, na Birere wanauza mpaka viatu vya mutu mwenye muguu moja.

Mengine aliyonifundisha munayafanya bila kujua yametoka kwake. Mugonjwa aliyepasuliwa havutwi mukono, anazungushwa na shuka lake. Maji ya kumuosha unayajaribu kwa kiwiko. Ukitaka kumugusa, umuambie kwanza unamugusa wapi. Beseni la matapishi linakaa upande ambao uso umeelekea, si upande unaokufaa wewe. Na ukipangusa, garde-malade wote wanatoka inje, hata kama ni mama ya gavana.

Neno hilo garde-malade ndilo muhimu kuliko mengine yote hapa. Munajua namna tunavyoishi: lopitali inatoa kitanda na dawa, ndugu wa mugonjwa wanatoa mutu wa kukaa naye. Huyo ndiye anapika, anaosha nguo, anachota maji, anaita munganga wa sindano, analala chini ya kitanda juu ya mukeka. Mugonjwa asiye na garde-malade hata akipona atakufa na njaa. Na hakuna mugonjwa wetu anayekosa. Mutu akivunjika muguu, wanakuja mashangazi mpaka wanagombania mukeka. Nimeona mwizi aliyepigwa sokoni akaletewa supu na wake wawili.

Sasa wale wa maziwa.

Zamani titi lilikatwa kwa ajili ya kansere tu, na hapo jamaa wote walilia, na pole ilijaa mulangoni. Hii ya kupunguza ililetwa na Dokta Faustin, nyuma ya ule mwaka ambao lava ya volkano ilikata muji. Alikuwa amesomea kutengeneza watu walioungua, akarudi na kazi hii pia. Watu walipoisikia walicheka kama walivyonichekea mimi siku ya kwanza. Kwetu mwanamuke mwenye kifua kikubwa anasifiwa njia yote kutoka kanisani. Wanaosifu hawakibebi. Hawaoni mabega yaliyochimbwa mifereji na kamba za sutie. Hawanusi ngozi ya chini inayochubuka wakati wa joto na kutoa maji. Shingo inauma, kichwa kinauma, vidole vinakufa ganzi. Ile siku ya kukimbia mabomu, wenzako wamekwisha kufika muji, wewe ungali njiani kule Kibati umeshikilia kifua kwa mikono miwili na mutoto mugongoni. Sifa zile sikuziona zikinisaidia kukimbia.

Mugonjwa wetu wa kwanza aliitwa Kahindo. Alikuwa anabeba magunia Birere, kutoka barrière ya mupaka wa inchi mpaka kwenye madepo, mukamba kwenye paji la uso kama wabebaji wote. Munajua mwendo ule: gunia linakuvuta nyuma, wewe unainama mbele. Na ukiinama mbele ukiwa na kifua kama chake, unabeba gunia lingine ambalo hakuna anayekulipa. Alikuja na kidonda chini ya titi la kushoto kilichokuwa hakipone.

Dokta Faustin hakumukimbilia na kisu. Alimupapasa kwanza, kutafuta kama kuna uvimbe. Akamuuliza kama anavuta tumbaku, kama ana sukari, kama ana mimba, kama anakunywa dawa yoyote, hata ya majani. Kisha akamuambia ubaya wote, na mimi nilikuwa napangusa pale chini nikasikia. Kwamba makovu yatabaki. Kwamba chuchu zinaweza kupoteza kusikia, na pengine kusikia kusirudi. Kwamba akizaa tena anaweza kushindwa kunyonyesha, au akanyonyesha nusu. Kwamba hayatakuwa sawasawa kabisa kushoto na kulia. Kwamba akinenepa, yanaweza kukua tena.

Kahindo akamusikiliza mpaka mwisho. "Dokta," alisema, "hayo yote yataniuma wapi? Mugongoni?"

"Hapana. Mugongo utapata nafuu."

"Basi kata."

Bwana yake aliitwa kutia kidole kwenye karatasi ya ruhusa. Sheria sijui inasema nini, lakini pale kwetu karatasi bila kidole cha bwana haikupita mulango wa bloku, chumba cha kupasulia. Alikuja na koti, akatia kidole, akasema: "Dokta, usitoe yote. Uniachie kitu." Wote wakacheka, dokta pia kidogo. Kahindo hakucheka, na mimi vilevile.

Asubuhi ya kupasuliwa dokta alimusimamisha akamuchora na kalamu kubwa ya wino: mistari, miviringo, vipimo, kifua kikawa kama ramani ya shule. Akaenda kunawa. Mama Antonia akaingia na beseni. Yeye alikuwa na sheria moja tu juu ya bloku, kwamba mugonjwa anaingia safi. Alimukuta Kahindo na ile mistari, akachukua sabuni na kitambaa, akamusugua mpaka ngozi ikang'aa. Dokta alirudi akasimama.

"Nani amefuta?"

"Ni mimi. Alikuwa muchafu."

"Mama Antonia, ile njo njia ya kisu!"

"Sasa ungesema. Mimi nilifikiri ni mambo ya watoto wa stage wanaojifunza."

Akachora upya, Kahindo amesimama anatetemeka kwa baridi na njaa, kwa maana mugonjwa wa bloku hali kitu. Kwa hiyo wanangu, mukiona wino kwenye kifua musiuguse, hata kama mikono inawawasha.

Alikaa bloku mpaka mashuka yangu yote yakakauka kwenye kamba. Alirudi amefungwa kifua kizima, mipira miwili inatoka pembeni, kila moja na chupa yake ya damu. Musiogope chupa zile. Muogope ikijaa mbiyombiyo, au titi moja likivimba gafula na kuwa gumu kupita lingine. Hapo muite munganga, musingoje zamu yake. Dawa ya usingizi inatapisha na kutia baridi, muwe na blanketi tayari. Anakaa nusu amelala, mito mugongoni. Kulala tumbo asahau. Mikono isipande juu ya kichwa, kwa hiyo hawezi kujisuka wala kuvaa nguo ya kupitisha kichwani. Mumuambie alete nguo ya vifungo vya mbele, na baadaye sutie laini isiyo na chuma. Na wakifungua pansema, vile vitambaa vya kidonda, muangalie rangi ya chuchu pamoja na munganga. Ikigeuka nyeusi kuliko kawaida yake, au ikawa baridi, ni kusema mara moja. Mushono wenyewe unazunguka chuchu, unashuka chini, unakutana na mwingine uliolala, kama nanga ya boti za bandarini. Pale inapokutana ndipo panapenda kufunguka kidogo. Mara nyingi panajifunga kwa pansema na usafi. Mugonjwa atafikiri anaoza. Mumuambie haozi, lakini kukinuka au homa ikipanda, musimudanganye, muite munganga.

Maumivu, kila moja na yake. Kahindo alisema ni kama mutu amemukalia kifuani, lakini kwamba ni mutu mwepesi kuliko wale wa zamani. Dokta akamuambia kwamba nyama zilizotoka zilikuwa na kilo za mutoto aliyezaliwa mukubwa, na kwamba wanazituma laboratware zichunguzwe. Kahindo akashika mudomo. "Kumbe nilibeba mimba kwa mbele muda huu wote," alisema, "na hakuna aliyenipisha njiani."

Sasa nafika kwenye lile lililoniuma. Chakula cha jioni kilikuja kwa kila kitanda, kila garde-malade na sufuria yake, isipokuwa kitanda cha Kahindo. Nilifikiri wamechelewa. Kesho yake vilevile. Nikamuuliza, akanieleza. Mama mukwe wake alikuwa amesema mbele ya jamaa wote: "Ule si ugonjwa. Ni ugonjwa wa kutaka. Ajikalie mwenyewe." Wakamusikia. Hakuna aliyekuja, hata dada yake wa tumbo moja. Wale garde-malade wengine waliomukuta pale nao walikuwa na midomo. Moja alimupa maharagi, lakini kwanza alimuambia: "Bengine banatafuta hiyo, weye unaenda kuitupa."

Nikamupikia. Tulikatazwa kuleta chakula cha nyumbani kwa wagonjwa, na mimi nikaleta sombe ya majani ya muhogo na bugali chini ya mashuka safi. Mama Antonia alinikamata siku ya kwanza. Alifunua, akanusa, akachovya kidole.

"Haina chumvi," alisema, akaenda zake. Kesho nilikuta chumvi kwenye karatasi, imewekwa juu ya kabati.

Kahindo alipotoka hakuna nyumba iliyomukaribisha kwa pole. Munajua kwetu mutu akitoka lopitali majirani wanaingia, hata asiyekupenda anakuja na machungwa ili aone umekonda kiasi gani. Kwake hakuja mutu. Dokta alimukataza kubeba kitu kizito kwa zaidi ya mwezi, hata mutoto, hata ndoo. Alipumzika kidogo tu, watoto walikuwa na njaa, akarudi Birere na mukamba wake. Mushono ukafunguka. Akarudi kwetu, tukamufanyia pansema siku nyingi, akapona na kovu baya, nene kama kamba. Kwa sisi weusi kovu linapenda kunenepa, mumuambie mugonjwa mbele ya kisu.

Baadaye sana nilimukuta Birere, gunia mugongoni, anatembea kama askari. Aliniambia bwana yake ameleta mwanamuke wa pili, anasema wa kwanza amegeuka mwanaume. Nikaanza kumupa pole. Akacheka. "Ngoja kwanza, mama. Ule wa pili iko na makubwa kupita yangu, usiku analia mugongo. Nimemuambia kwa Dokta Faustin ni wapi."

Wengine walikuja nyuma yake. Si wengi, lakini walikuja: mwalimu, muuza samaki wa sambaza, musichana moja wa Masisi ambaye wenzake wa shule walimupa majina. Dokta alimurudisha yule, akamuambia angoje mpaka mwili umalize kukua. Karibu wote walikosa garde-malade, au walipata moja aliyekuja kwa siri na kusema nyumbani anaenda kanisani. Karibu wote walilia siku za kwanza, hata wale waliofurahi. Mwili ukipungua gafula kichwa kinatafuta kile kilichoondoka. Muwaache walie. Na karibu wote waliniambia neno moja, kwamba wangejua, wangekuja mapema.

Mimi je? Nilimuomba Dokta Faustin nikiwa bado na nguvu. Aliniangalia mabega, akaniambia: "Mama Pavillon, ulikuwa unangoja nini?" Akanipa karatasi. Nikaipeleka nyumbani. Bwana yangu aliisoma, au alifanya kama anaisoma.

"Kuna mutu amekufa kwa maziwa?"

"Hapana. Ninaishi nayo, njo shida."

"Nilikukuta nayo. Mbuzi nilitoa kwa mutu muzima, sikutoa kwa nusu."

"Mugongo ni wangu."

"Na jina ni langu. Batu batasema nini? Kwamba nilioa nini?"

Ikaisha hapo. Mimi ndimi niliyekuwa nachukua karatasi za wengine kuwapelekea waume zao kwenye parking, nikiwabembeleza, nikiwaita papa, papa, mpaka wanatia kidole. Yangu ilifungia sabuni. Bwana yangu alipokufa nilimaliza kilio, nikarudi kwa dokta. Akanipima tansio, akanipima sukari, akanipima tena kama vile mashine imedanganya. Akaweka kalamu chini. "Mama Pavillon, nikikulaza, sina hakika ya kukuamusha." Simulaumu. Alisema kweli na macho yake yalikuwa chini. Bwana yangu amezikwa Butembo, amelala chali, hana kitu juu ya kifua. Mimi ningali nabeba alichonikatalia kuweka chini. Kila asubuhi kitambaa cha Mama Antonia, mbele ya chai.

Hapo ningemaliza, lakini kuna Neema, na Bahati anajua kwa nini.

Neema ni mujukuu wangu, mutoto wa Masika, binti yangu wa kwanza. Nijivune kidogo: Birere nzima hakuna anayesuka kama yeye. Wanawake wanavuka barrière kutoka ngambo kuja kukaa kwenye kiti chake. Lakini kusuka ni kuinama, na kile kifua kimeshuka kutoka kwangu kwa Masika, kutoka kwa Masika kwake, hakuna aliyepona. Alianza kusuka amekaa, kisha amepiga magoti, kisha akawa anarudisha wateja mbele ya mangaribi kwa sababu ya shingo. Siku moja nilimukuta amelala sakafuni kwenye salon yake, muteja amesukwa kichwa nusu, anamupepea.

"Tate," aliniambia kutoka pale chini, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "weye ulivumilia je?"

"Sikuvumilia," nilimuambia. "Nilikatazwa."

Neema hana bwana wa kutia kidole, na siku hizi mutu muzima anajitilia mwenyewe. Nilifikiri njia imefunguka. Lakini Masika akapiga simu kwa wote, dada zake, wakwe zake, mpaka wa Butembo: asikanyage mutu lopitali. Alikuja kwangu akiwa amefura.

"Mama, unaharibu mutoto. Nani atamuoa? Atanyonyesha na nini?"

"Wewe nilikunyonyesha na haya makubwa, na ona ulivyonijia."

"Hiyo si ugonjwa, mama!"

Lilelile. Neno la mama mukwe wa Kahindo, sasa kwenye mudomo wa mutoto niliyemuzaa. Alitoka bila kuaga, akaacha mulango wazi, kuku wakaingia.

Tangu vita viingie, ndege ziache kutua na benki zifunge, mugonjwa anaulizwa alete hata kompresi zake za vidonda. Neema alileta zote. Akajibu maswali yote ya dokta, tumbaku hapana, sukari hapana, mimba hapana, na juu ya kunyonyesha alisema amefikiri na amelia na amekubali. Swali la mwisho likamushinda. Munganga aliuliza: "Garde-malade ni nani? Bila garde-malade hatuandike." Mimi nilikuwa nyuma ya mulango na mukeka wangu, sufuria na jiko la makala.

"Andika," nilisema. "Ni mimi."

Kikwembe chenu cha kuniagia kilikuwa bado kwa fundi. Nikarudi pavillon ile, na safari hii nililala chini ya kitanda. Sikujua kwamba sementi ile ni baridi hivyo. Miaka yote niliipangusa, sikuwahi kuilalia.

Walimuchora, nikakaa karibu na ule wino nikamufukuza kila aliyekuja na maji. Alipotoka bloku alifungua jicho moja.

"Tate. Niko nayo bado?"

"Unayo. Madogo."

"Na chuchu?"

"Mbili. Dokta ameniambia. Lala."

Akatapika upande wenye beseni. Mama Antonia angefurahi.

Garde-malade wa kitanda cha pili aliniuliza mujukuu wangu anaumwa nini. Nikasema mugongo. "Na banapasua kifua?" Nikamuambia mugongo wake ulikuwa unaanzia mbele. Alisogeza mukeka wake mbali kidogo.

Asubuhi Bahati akaingia na brosi: "Garde-malade boote inje! Tunapangusa! Weye mama wa pale chini, hausikii?" Nikatoa kichwa. Akashika kinywa. "Eh! Mama Pavillon!"

"Nitoke?"

Alisumbuka, maskini. Aliangalia brosi, akaniangalia. "Sheria ni sheria, mama. Uliiweka weye."

Nikatoka na magoti yangu, nikasimama kwenye baridi na wengine, sufuria mukononi. Bahati ulifanya vizuri. Lakini ungenisogezea kiti.

Siku zilipita na dada zake Masika hawakuja. Wateja wa salon hawakuja, wale aliowasuka mpaka shingo ikafa. Simu ya Neema aliiweka juu ya tumbo na kila ikitikisika alitazama mulango. Nilimupikia, nikamuosha miguu, nikamusuka vibaya, kwa maana mikono yake ilikuwa haipandi na yangu haijui. Alijiona kwenye kioo cha simu akacheka mpaka akashika mushono. Usiku alilia. Hakulilia maziwa.

Siku ya kufungua pansema kubwa, munganga alimukalisha kitandani. Chuchu zilikuwa na rangi yake, mushono safi. Tulipogeuka, Masika alikuwa amesimama mulangoni, mikono amefunga chini ya kifua kukishikilia, kama tunavyofanya sote bila kujua. Hakuleta kitu mukononi.

"Umekonda," alimuambia mutoto wake.

"Sijakonda, mama. Nimekaa wima."

Masika akanifuata kwenye robine ya maji, nilikuwa nimepeleka sufuria kuosha. Alisimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake inapanda na muzigo wake na kushuka nao.

"Anaumia?"

"Anaumia."

Maji yakakimbia. Nilimuona mabega: kamba za sutie zimeingia ndani ya nyama kama waya kwenye muti.

"Mama," alisema, chini kabisa, "na mutu wa miaka yangu, bado banaweza kumukubali?"

Nilikuwa na maneno mengi, niliyakusanya tangu siku ile ya kuku. Yote yalikuja mudomoni pamoja.

"Dokta anaweza kukubali," nilimuambia. "Lakini kwanza tafuta garde-malade atakayekukalia."

Alinipokonya sufuria, akachuchumaa, akaanza kusugua. Aliosha vibaya, masizi yalibaki chini yote. Alipoingia ndani kwa mutoto wake, nikaiosha tena.